Ndugu Wasioshikiana Nafasi: Ukoo wa Globini na Swali la Mahali



Kuna jibu moja ninalolisikia mno katika vikao vyetu, na jioni hii nimekuja kulibomoa. Mtu akiuliza kwa nini mwili unatunza protini nyingi zinazofanana, zilizotoka kwenye jeni moja ya kale, huambiwa: ni akiba. Jeni ilijinakili, nakala zikabaki, moja ikiharibika nyingine inashika nafasi, kama tairi la akiba kwenye buti. Swali zito linafungwa hivyo kabla halijaulizwa vizuri. Kwa nini nakala hii imewashwa kwenye misuli, ile kwenye chembe nyekundu za damu, na nyingine kwenye neva? Wenye jibu la akiba hawana la kusema hapo.

Nitasimama kwenye ukoo wa globini, protini zinazoshika oksijeni: mioglobini kwenye misuli, hemoglobini kwenye chembe nyekundu za damu. Historia yake mnaijua: Kendrew aliyechora umbo la mioglobini ya nyangumi, Perutz la hemoglobini, na Tuzo ya Nobel ya 1962 waliyogawana. Sitairudia.

Silaha kubwa ya watetezi wa akiba ni panya wa 1998. Mwaka huo jarida la Nature lilichapisha habari za panya walioondolewa jeni ya mioglobini. Panya hao walizaliana, walikimbia kama wenzao na kustahimili hewa yenye oksijeni kidogo. Kwa macho, kilichobadilika ni rangi: moyo na baadhi ya misuli ya miguu vilikuwa vimepauka. Wengi wakahitimisha kwamba protini ambayo mnyama anaishi bila kuihitaji haina kazi ya maana.

Waliwahi mno kuhitimisha. Mwaka 1999 watafiti wengine waliripoti panya wa aina hiyo hiyo, ila wao waliufungua moyo wenyewe. Walikuta mishipa midogo ya damu imesongamana kuliko kawaida, damu inayoulisha moyo imeongezeka, na chembe nyekundu zimepanda. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya viinitete wasio na mioglobini hufa tumboni, wakati moyo unapojengwa. Kwa hiyo panya waliokimbia vizuri maabarani ni wale walionusurika, tena baada ya mwili kupanga upya mishipa, moyo na damu. Akiba gani hiyo inayodai mnyama ajengwe upya?

Hata bila panya, hesabu inatosha. Hemoglobini hubaki na nusu ya mzigo wake wa oksijeni shinikizo linapokuwa karibu milimita 27 za zebaki. Mioglobini haifiki nusu mpaka shinikizo lishuke hadi milimita 2 au 3. Iweke mioglobini kwenye damu uone: itajaa mapafuni, itazunguka mwili mzima, na itarudi na karibu mzigo wote. Umbo la protini hizi mbili linafanana sana, lakini ukizibadilishia mahali unaua.

Haki itendeke: upo udugu unaokaribia akiba kweli. Jeni mbili za alfa-globini zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 16, zinatoa protini ile ile ndani ya seli ile ile, na aliyepoteza moja kwa kawaida haugui. Hilo nalikubali. Lakini utafiti uliofanywa pwani ya Kenya, ambako upungufu huo ni wa kawaida, ulionyesha kwamba watoto wenye upungufu huo hawashambuliwi sana na malaria kali. Kiasi kinachotengenezwa, na seli inayokitengeneza, ndivyo vinavyoamua. Kwangu mfano huu unatia nguvu hoja ile ile.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kazi yake nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Janet Watson alikuwa daktari wa watoto Brooklyn. Mwaka 1948 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi ambao ungeweza kufanywa na yeyote mwenye darubini: damu ya vichanga wenye urithi wa selimundu ilitoa chembe chache zilizojikunja kuwa mundu, na chembe hizo ziliongezeka kadiri mtoto alivyokua. Watson akasema hemoglobini ya kijusi ndiyo inayowakinga. Zingatieni mwaka. Mkemia Pauling alikuwa bado hajaonyesha kwamba hemoglobini yenyewe ndiyo mgonjwa. Hilo lilikuja 1949. Hakuna aliyekuwa amesoma mfuatano wa globini hata moja. Wengi waliona vichanga wazima wakaendelea na shughuli zao. Watson aliuliza protini gani ipo, ipo wapi, na kwa muda gani.

Nilipoanza kazi katika maabara ya hospitali moja ya wilaya, tulikuwa na kipimo cha kioo cha kutafuta selimundu. Unachanganya tone la damu na kemikali inayoondoa oksijeni, unafunika, unaziba kingo kwa vaselini, unasubiri. Mama mmoja, mwenye mtoto mkubwa anayeugua selimundu, alileta kichanga chake. Chembe zilibaki mviringo, akaambiwa mtoto ni mzima. Alirudi kabla mtoto hajafikisha mwaka, vidole vyake vimevimba na haviguswi. Kipimo hakikuharibika. Kilipima damu ambayo jeni ya gama, ile ya hemoglobini ya kijusi, bado ilikuwa inafanya kazi ya beta, ile ya hemoglobini ya ukubwani.

Na tiba mpya za selimundu zimefuata njia ya Watson. Mwaka 2008 ilithibitishwa kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayozima gama. Kuifuta mwilini kote haiwezekani, maana ubongo na seli za kinga zinaihitaji. Mwaka 2013 kikapatikana kipande cha DNA kinachoiwasha kwenye ukoo wa chembe nyekundu peke yake. Kipande hicho ndicho kinachokatwa katika tiba ya jeni ambayo Uingereza iliidhinisha Novemba 2023. BCL11A yenyewe haijaguswa. Lililobadilishwa ni mahali inapotengenezwa. Watetezi wa akiba hawangeweza hata kuibuni tiba hiyo.

Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, kwa hiyo sitawadanganya kwamba inakuja wilayani kesho. Hidroksiyurea, inayoamsha gama kwa kiasi, ni vidonge, na jaribio lililochapishwa 2019 kutoka Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda lilionyesha inawasaidia watoto wetu. Ila lazima kwanza wajulikane. Naomba kipimo cha kioo kisitumike tena kwa kichanga popote, na mahali pake tutenganishe hemoglobini zenyewe, au tutumie vipimo vya haraka vya tone la damu ya kisigino. Mtoto aliyejulikana wiki ya kwanza huanza penisilini akiwa na miezi 2 au 3, na hidroksiyurea anaweza kuianza kuanzia mwezi wa 9.