Chui Mweusi wa Lowndes

Mwanzoni mwa 1965, katika kaunti ya Lowndes, jimboni Alabama, watu wanne kati ya watano walikuwa Weusi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo kwenye daftari la wapiga kura. Baadhi ya waliothubutu kujiandikisha walitimuliwa mashambani, wakahamia mahemani kando ya Barabara Kuu namba 80. Weusi wa Lowndes wakaunda chama chao, nembo yake chui mweusi, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kuweka alama. Mwaka 1966 walishindwa. 1970 mwenzao John Hulett akachaguliwa sherifu.

Ushindi mkubwa, lakini kura haikuleta mabomba. Hadi leo zipo nyumba ambazo majitaka hutuama uani, kwani udongo mzito hauyanywi. Makubaliano ya 2023 ya kurekebisha hali hiyo, utawala wa Trump uliyavunja 2025.