Cherehani cha Mama
Mama mmoja mjane aliletewa na mwanawe cherehani cha kompyuta. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, mitambo ya ndani ikaungua. Fundi akasema kitupwe. Mama akakirudia kile cha kukanyaga: mkanda wa ngozi ukikatika huungwa kwa kipande cha waya, tone la mafuta, kazi yaendelea. Nguo za Komunyo ya Kwanza zikawahi.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikemea mazoea ya kutupatupa. Bwana naye, baada ya kuwashibisha elfu tano, aliagiza vipande vikusanywe.

Kijana alihuzunika, akidhani zawadi yake imedharauliwa. La hasha! Mama alimwomba aje mwenyewe, aukaze mkanda.