Mkate wa Leningrad: Namna Serikali ya Mji Ilivyofanya Kazi Wakati wa Vita



Mmetuomba tuseme juu ya kazi ya serikali ya mji wakati wa vita. Tungeweza kutaja majenerali na mizinga mpaka usiku. Lakini mji hauli mizinga. Mji unakula mkate, unachota maji, unawasha moto, unazika wafu wake. Kwa hiyo tumechagua mji mmoja ambako mambo hayo yalipimwa kwa gramu: Leningrad ya Urusi, ambayo tangu mwaka wa 1991 inaitwa tena Saint Petersburg.

Askari wa Hitler waliufunga mji ule tarehe 8 Septemba 1941. Njia zote za nchi kavu zikakatika. Siku ile ile ndege zao zikachoma maghala ya Badayev, yenye unga na sukari. Ndani walibaki watu karibu milioni mbili na nusu, na kati yao watoto karibu 400,000. Kufungwa kule kuliisha kabisa tarehe 27 Januari 1944, baada ya siku 872.

Nani alitawala? Neno la mwisho lilikuwa la Baraza la Vita, na humo alikaa Andrei Zhdanov, mkubwa wa chama. Kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa halmashauri ya mji, chini ya Pyotr Popkov. Halafu zikaja halmashauri za wilaya za mji, tuseme kama komini zetu. Na chini kabisa, pale ambapo serikali inakutana na mtu mlangoni, alikuwa mwangalizi wa nyumba. Huyu ndiye aliyejua nani analala chumba gani, nani amehama, nani amekufa. Mumkumbuke mtu huyu mdogo, sababu bila daftari lake wakubwa wote wale wasingeweza kugawa hata kipande kimoja.

Sasa tuje kwenye mkate. Karatasi za poso zilianza tarehe 18 Julai 1941, mbele ya adui kufika. Wazee wetu wa migodini waliijua poso: mstari mrefu, mizani, kapita na daftari. Poso ya Leningrad ilikuwa na madaraja. Mwanzoni mwa Septemba mfanyakazi wa kiwanda alipata gramu 600 za mkate kwa siku, karani 400, mtoto na mtu asiye na kazi 300. Kuanzia hapo wakapunguza tena na tena. Tarehe 20 Novemba mfanyakazi akabaki na gramu 250, na wengine, yaani karani, mama wa nyumba, mzee, mtoto, gramu 125 tu. Na mkate wenyewe haukuwa mkate kamili. Ndani mlikuwa mashudu ya mbegu za pamba na unga uliotolewa katika mti.

Tunasema wazi: hesabu ile ilikuwa ya vita, haikuwa ya haki. Serikali ilitaka viwanda vitengeneze silaha, basi ikalisha mikono iliyoshika masini. Mzee asiye na kazi alikuwa kama amehukumiwa. Na mama aliyegawa gramu zake kwa watoto wake hakuandikwa katika daraja lolote.

(Katika mwezi ule ule wa Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi wa Elisabethville, leo Lubumbashi, walipigwa risasi walipodai mshahara, sababu vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu. Vita ile ilikuwa mbali na Katanga, lakini ilifika mpaka kwenye sahani zetu.)

Pale penye njaa, wezi hawakosi. Watu walishika karatasi za waliohama, na za wafu. Katikati ya Oktoba mji ukaamuru kila karatasi ionyeshwe upya na kupigwa muhuri. Isiyo na muhuri haikupata mkate. Makumi ya maelfu ya karatasi yakaondoka hesabuni. Dawa ile ilikuwa kali: aliyepoteza karatasi yake kweli, au aliyenyang'anywa njiani, alikuwa taabuni kabisa, maana kupewa nyingine kulikuwa kugumu sana. Na tusifiche jambo hili: wakubwa waliokaa katika jumba la Smolny hawakula gramu 125. Hayo yalijulikana baadaye, na watu wa mji hawakuyasahau.

Njia kubwa ya kuleta chakula ilikuwa ziwa la Ladoga, kubwa kupita ziwa letu la Mweru. Lilipoganda kwa baridi, motokaa za mizigo zikaanza kupita juu ya barafu tarehe 22 Novemba 1941. Nyingine zilizama pamoja na unga wao. Tarehe 25 Desemba poso ikaongezwa kidogo, mfanyakazi 350, wengine 200. Na motokaa zile zilipotoka mjini hazikurudi tupu: mpaka Aprili 1942 zilikuwa zimehamisha watu zaidi ya 500,000.

Mwisho wa Januari umeme ulikaribia kuzimika wote. Mabomba ya maji yaliganda. Kiwanda cha mkate bila maji hakioki kitu, na vijana wakasimama mstari toka mto Neva, ndoo toka mkono mpaka mkono, ili unga ukandwe. Wasichana wengine waligawanywa kwa vikundi kupita nyumba kwa nyumba. Walipanda ngazi, wakafungua milango isiyojibiwa, wakaleta maji na kuni, wakachukua poso ya wagonjwa, wakawatoa watoto waliokaa peke yao na maiti. Kazi ile hakuna amri ya ofisi iliyoweza kuifanya.

Halafu jua likarudi, na hofu mpya. Miezi yote uchafu haukuzolewa, na maiti zilikuwa chini ya theluji. Joto lingeleta ugonjwa wa kumaliza waliobaki. Halmashauri ikaita kila mwenye nguvu ya kushika sepetu. Toka tarehe 27 Machi mpaka 15 Aprili 1942 watu karibu 300,000, wengi wao wanawake, miguu imevimba kwa njaa, waliondoa uchafu wa tani karibu milioni moja. Ugonjwa mkubwa haukutokea. Tarehe 15 Aprili tramu za abiria zikatembea tena, na watu walilia barabarani kwa kusikia kengele zake. Bustani za mji zikalimwa. Mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Isaka mliota kabichi.

Wafu wa njaa, baridi na mabomu walikuwa mamia ya maelfu. Wengi wa wanahistoria wanasema 800,000 na zaidi.

Na Popkov, aliyeongoza halmashauri ile? Vita ilipokwisha, Stalin aliwaogopa wakubwa wa Leningrad kwa jina walilopata. Walishtakiwa kwa uongo, na tarehe 1 Oktoba 1950 Popkov alipigwa risasi pamoja na wenzake. Mwaka wa 1954 serikali ile ile ikaandika kwamba hawakuwa na kosa.