Subira Tiba Inapokwama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Bwana Mtume (S.A.W.) alipita penye kaburi akamkuta mwanamke akilia. Akamnasihi asubiri. Yule mwanamke, asijue anayesema naye, akamjibu kwa ukali. Alipoambiwa kuwa ni Mtume, alimwendea kumtaka radhi, naye akamfundisha kwamba subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza. Basi tujiulize: aliyekwisha kusubiri pigo la kwanza, kisha likamjia la pili, afanyeje?

Tumfikirie mgonjwa mwenye uvimbe ndani ya ubongo. Kichwa kilimwuma kwa miezi, akawa akitapika asubuhi, macho yakaingia ukungu. Akapimwa, akapasuliwa, akazinduka salama. Jamaa wakasoma dua ya shukrani. Wiki ya tatu, mbele ya wanawe, akaanguka kwa kifafa. Hapo nyumba nzima huvunjika moyo kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa walidhani safari imekwisha. Mmoja husema daktari ameharibu, mwingine husema ni jini, wa tatu hushauri vidonge vitupwe.

Ndugu zangu, hapa ndipo subira inapohitaji elimu. Ubongo uliopasuliwa huweza kuvimba, maji yake yakakwama, au kifafa kikatokea. Mionzi nayo, ambayo mara nyingi hutolewa siku 5 kwa wiki hadi wiki 6, huleta uchovu unaoweza kubaki hata baada ya tiba kwisha. Mambo haya madaktari huyajua na huyatazamia. Kutokea kwake peke yake si dalili kwamba tiba imeshindwa, wala si dalili kwamba Mola amemtupa mja wake.

Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo zikitumika kwa muda, mwili hupunguza kujitengenezea kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Kuzitupa siku moja ni hatari ya maisha. Mgonjwa akishikwa na kifafa, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu kinywani, na kikizidi dakika 5 mkimbizeni hospitali. Vivyo hivyo akipata homa, au kichwa kikizidi kuuma, au usingizi ukawa mzito kupita kawaida, msingoje kesho.

Mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute matibabu, aliwaamrisha wajitibu. Kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea dua ni jambo jema. Lakini halikuwekwa ili liwe badala ya dawa. Nabii Ayubu (A.S.) aliomba, na Mola alipomwitikia alimwamrisha apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Mgonjwa yule hakuambiwa akae tu. Aliamrishwa atende alichoweza.

Na anachoweza mgonjwa hubadilika. Asiyeweza kusimama asali ameketi; asiyeweza kuketi asali amelala. Ambaye maji yatamdhuru jeraha lake, sheria imempa nafuu. Mtume (S.A.W.) amebashiri kwamba mgonjwa huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizitenda alipokuwa mzima. Basi asijione mtu wa kurudi nyuma kwa Mola wake ati kwa sababu amerudi kitandani.

Nanyi mnaomwuguza, lipo pigo lenu. Uvimbe wa ubongo huweza kubadili maneno ya mtu, kumbukumbu yake, hata tabia yake. Baba aliyekuwa mpole huweza kumfokea mkewe, na mama akasahau jina la mwanawe. Msimhesabie maneno hayo kama ya mtu mzima wa afya. Wala majirani wasiache kuzuru baada ya wiki ya kwanza. Siku ya kupasuliwa wageni hujaa. Siku ya kurudi hospitali mara ya pili, mara nyingi mke huwa peke yake garini.

Wapo pia ambao uvimbe wao hurudi, na tiba ikafika ukingoni. Subira si bei tunayolipa ili tupewe uzima. Mtume (S.A.W.) alimzika mwanawe Ibrahim, akatokwa na machozi, asiseme ila lile linalomridhisha Mola. Kulia si kukufuru, na kuchoka si kukata tamaa.

Jibu la swali letu basi ni hili: kwa aliyepigwa, kila pigo huwa la kwanza tena, na subira yake huanza upya, pamoja na thawabu yake.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, waongoze mikono ya matabibu wao, watie nguvu wanaowauguza, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaosubiri. Amin.