Landrover Tuliyoiuza

Ndugu Mgeni Rasmi, akina mama wenzetu wa Kibaha na Kisarawe,

Habari za faida mtasomewa na Mhazini. Sisi viongozi tumesimama kwa ajili ya Landrover. Ile 109, aina iliyokoma kutengenezwa mwaka 1985, mwenzetu alitukabidhi kufidia mkopo. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Ilitutolea mihogo Maneromango hata masika, fuso zinapokwama. Giaboksi ilipokufa tukaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, tena kwa kilo, jamani! Masika yaliyofuata mihogo tuliyokwisha ng'oa ikaozea barabarani.

Juzi tumeiona Mlandizi, imepakwa rangi, inatembea. Tumeuliza bei, mwenyewe hauzi.

Mama, hatukukuuliza. Kikaoni ulinyamaza, nasi tukadhani umeridhika. Tunakuomba radhi mbele ya watu hawa.