Adabu ya Meza na Biashara Nchini Hispania

Mgeni anayekwenda Hispania kibiashara hana budi kufahamu kwanza saa za mlo, kwa kuwa chakula cha mchana, ambacho ndicho mlo mkuu, huliwa kati ya saa nane na saa kumi, na baada ya sahani kuondolewa wenyeji hubaki mezani kwa mazungumzo yaitwayo sobremesa, ambamo watu hujenga kuaminiana. Kuinuka haraka hapo ni kosa kubwa kuliko kukosea salamu. Kuchelewa kwa saa za mlo kunahusiana kwa sehemu na uamuzi wa serikali ya dikteta Franco, mwaka 1940, wa kusogeza saa za nchi mbele. Kuhusu majina, Mhispania kwa kawaida ana majina mawili ya ukoo, na kirasmi huitwa kwa la kwanza. Mwezi Agosti, ambao wengi huwa likizoni, miadi isipangwe.