Heparini: Dawa Inapogeuka

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wapendwa, na ndugu zangu tuliokula pamoja maharage yenye wadudu,

Katibu ameniomba niseme neno la kitabibu lisilozidi dakika tano. Nitasema juu ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ilianza kuonekana mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alipokuwa akichunguza maini ya mbwa. Siku hizi hutengenezwa kwa matumbo ya nguruwe. Imeokoa watu wengi mno.

Nilipokuwa daktari kijana nilimtunza mama mmoja aliyepasuliwa nyonga. Tukamchoma heparini. Siku ya saba chembe sahani zake, yaani vile vijichembe vinavyoziba jeraha, zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Nikaogopa atatoka damu. Kumbe hatari ilikuwa upande mwingine. Usiku ule mguu wake ukawa baridi, mshipa umeziba. Nasi tukafanya lililoonekana la akili: damu imeganda, basi ongeza heparini. Mguu ukakatwa.

Chembe sahani hutoa protini ambayo wataalamu wameipa namba 4. Heparini ikishikana nayo, miili ya baadhi ya watu huona sura ngeni na kutengeneza kingamwili. Kingamwili hizo huziamsha chembe sahani, nazo hugandamana ovyo na kwisha kwa kutumika. Mnakumbuka usiku wa vurugu? Mwalimu wa zamu alikuta vitanda vitupu bwenini, lakini sisi hatukuwa tumepotea, tulikuwa uwanjani tukifanya fujo. Ndivyo hesabu inavyoshuka huku mishipa ikiziba.

Kwa kawaida hutokea siku ya 5 hadi ya 10. Aliyechomwa dawa hiyo miezi michache nyuma aweza kushikwa siku ile ile. Heparini yote husimamishwa, hata ile kidogo ya kusafishia mpira wa dripu, na mgonjwa hupewa dawa ya namna nyingine ya kuzuia kuganda. Kuisimamisha tu hakutoshi. Wafarini nayo hungojea hadi chembe sahani zirudi.

Mwenye historia hiyo na aandikiwe kwenye kadi. Mama yule alikuja kliniki kwangu miaka mingi, na magongo yake, na kila mara alinionyesha kadi kabla hatujaamkiana.